Usiku: pampasi, kumwamsha, au kumwacha tu? Mtoto wa miaka 3 na nusu

MamaMkomani (Lamu)
Assalaam alaikum ndugu zangu. Nisaidieni kupima, maana kila ninayemuuliza hapa mtaani ana njia yake na anaiapia.

Kijana wangu mchana hana shida tangu kabla ya Ramadhani. Hata tukiwa ndani ya boti ya Mokowe huniambia mapema kwamba amebanwa. Mtihani ni usiku: bado anakojoa kitandani. Kwa miezi miwili nimejaribu njia tatu.

Pampasi: tunalala sote, shuka kavu. Lakini kwa joto la kaskazi kiuno chake kimejaa harara, na kununua moja moja dukani kunanimaliza. Halafu nikiziona zimetupwa ufukweni roho huniuma.

Kumwamsha: ushauri wa mama mkwe. Saa tano usiku, tena saa tisa. Choo chetu kiko chini na ngazi za nyumba yetu ni za zamani, zimesimama wima. Nashuka naye begani amelala fofofo, anakojoa macho yamefumba. Siku 14 nilizohesabu, 9 aliamka mkavu. Lakini mchana analia kwa kila kitu, na mimi nasinzia jikoni.

Kumwacha, na mpira chini ya shuka: siku 10, mkavu mara 2. Maji ya kisima chetu yana chumvi, sabuni haitoi povu, nafua mpaka mikono inachubuka. Na baba yake ana wasiwasi wa najisi kwa sababu chumba hicho ndicho tunachosalia.

Nyinyi mlichagua ipi, na kwa nini?

BabaPacha (Malindi)
Waalaikum salaam dada. Mimi nina pacha, wa kiume wote wawili. Chakula kimoja, kitanda kimoja, poti moja. Mmoja aliacha kukojoa kitandani hajafika miaka mitatu, mwenzake alikaribia mitano. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba sisi wazazi ndio tunaofundisha jambo hili.

Yule wa pili tulimwamsha miezi mitatu mfululizo. Godoro lilipona, kweli. Usiku tulioacha, akalowa, kana kwamba hatukufanya kitu. Ukimbeba amelala anakojolea usingizini vilevile, tofauti ni mahali tu. Kwa hiyo usiipime njia hiyo kama mafunzo. Ukiamua kuendelea, iwe mara moja tu, wakati nyinyi mnakwenda kulala, na poti iwe chumbani. Zile ngazi na mtoto begani saa tisa za usiku, mimi naziogopa kuliko shuka mbichi.

BiLangoni (Lamu)
Mwanangu, mimi nimelea saba na wajukuu juu yao. Hatukuwa na pampasi. Winda tulichana leso kuukuu, godoro la sufi likilowa tunalipandisha darini likapigwe jua. Mwana asipewe mai baada ya magharibi, na aamshwe. Wote saba waliacha.

NesiWaWatoto (Malindi)
Shikamoo Bi Langoni. Kwa leso kuukuu na jua la darini nakuunga mkono kabisa. Kwenye maji naomba nitofautiane nawe kwa adabu.

Kwa joto letu mtoto asinyimwe maji. Anywe vizuri asubuhi na mchana ili jioni asiwe na kiu ya kufidia siku nzima. Akiwa na kiu usiku, apewe kidogo. Cha kuondoa jioni ni chai ya rangi na soda za kola, maana zina kafeini. Tikiti maji na dafu navyo visogezwe mchana. Sehemu kubwa ndani yake ni maji, na mkojo wake utakuja saa nane za usiku.

Kuhusu kwa nini wote saba waliacha: kukauka usiku ni kukomaa kwa mwili. Ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zipunguze mkojo wakati wa kulala, na kwa watoto wengi mpango huo bado haujakaa sawa. Kibofu nacho ni kidogo. Tuna kipimo cha kukadiria: umri kwa miaka, ongeza 1, zidisha kwa 30. Mtoto wa miaka 4 anapata kama mililita 150, haijai hata bilauri. Kikijaa, usingizi wa mtoto ni mzito na taarifa haimfikii. Ndiyo maana kabla ya miaka 5 hatuuiti ugonjwa. Hata wakifika mitano, takriban 15 katika kila watoto 100 bado hulowa, na wavulana ni wengi kuliko wasichana.

Mama Mkomani, nijibu moja: choo chake kikubwa kikoje? Kigumu? Utumbo uliojaa hukibana kibofu, na hili wazazi wengi hawaliangalii.

UmmuPili (Shela)
Shoga, kwa harara jaribu winda za kitambaa, pamba tupu, usimfunge plastiki juu yake. Na tandika mara mbili: mpira, shuka, leso, kisha juu yake mpira mwingine, shuka nyingine, leso nyingine. Akilowa usiku unavua tabaka la juu lote, chini kuko tayari, mtoto amelala tena kabla hujazima taa. Mimi nilitumia makintoshi, ule mpira wa kutandika kitandani, niliyonunua nilipokwenda kujifungua, nikaikata vipande viwili. Kitendo hicho kimoja kilinirudishia usingizi kuliko dawa yoyote.

Leso zilowekwe alfajiri kwenye ndoo, zisikae mpaka jioni. Kama mna birika la maji ya mvua, weka akiba ya suuza ya mwisho.

Mvuvi78 (Malindi)
Shemeji yangu aliyeko Uarabuni amesema kuna kengele inavalishwa kwenye chupi, ikipata unyevu inalia. Tumwambie alete?

NesiWaWatoto (Malindi)
Ipo na inasaidia, lakini kwa watoto wa miaka 6 au 7 kwenda juu, wanaotaka wenyewe, na huchukua wiki nyingi. Wa miaka mitatu itamtisha tu. Dawa pia zipo, nazo ni za kuandikiwa na daktari, kwa watoto wakubwa zaidi.

Msisubiri umri ufike ikiwa anaumia akikojoa, ana homa, ana kiu isiyokwisha, au alikuwa mkavu miezi sita kisha akaanza tena. Huyo mpelekeni kliniki.

Msomaji_wa_siku_zote
Huwa siandiki humu. Mimi nilikuwa kikojozi mpaka miaka tisa. Nyumba niliyolelewa nilibebeshwa mkeka wangu mbichi kichwani, nikapitishwa uchochoroni, watoto wakinifuata wakiniimbia. Sasa nina watoto wangu na bado nikisikia harufu ya mkeka uliolowa nageuza uso. Haikunikausha hata usiku mmoja. Nilijifunza kulala macho, basi. Dada, chagua unayoitaka, ila chumbani pasisikike sauti ya ukali saa hizo.

MamaMkomani (Lamu)
Nimelia kwa hii ya mwisho, ndugu yangu. Allah akulipe kwa kuisema.

Nesi, choo chake ni kigumu, na nilikuwa nadhani ni kawaida yake. Nimeanza papai kila asubuhi, na chai ya jioni nimeikata. Kumwamsha nimeacha. Pampasi nimeweka mbili za safari, tukipanda basi kuja huko Malindi. Nyumbani ni leso na tabaka mbili za UmmuPili. Mikeka ya kusalia tumeihamishia msana wa pili, ule ukumbi mwingine wa ndani, na baba yake ameridhika.

Nilimweleza mama mkwe nikitarajia atakasirika. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mwanawe, huyu mume wangu, alilowa mpaka alipokwenda darasa la kwanza.

NesiWaWatoto (Malindi)
Basi umepata jibu lako kubwa. Mzazi mmoja akiwa aliwahi kulowa hivyo, uwezekano wa mtoto kulowa ni zaidi ya 40 katika 100. Wakiwa wazazi wote wawili, unapita 70.

BiLangoni (Lamu)
Mama mkwe wako ni mtu mwema. Mpe salamu zangu.

MamaMkomani (Lamu)
Zimefika, Bi. Usiku wa jana alilowa mara moja, saa kumi. Nilivua la juu, akageuka ukutani akaendelea kulala. Leso ya chini asubuhi ilikuwa kavu.