Sukari haizimi mng'ao wa lektini kwenye seli, shida iko wapi?

Swali
Habari wakuu, naomba msaada. Napaka seli hai kwa WGA (lektini ya ngano, yaani protini inayoshika sukari) yenye rangi ya floresensi na utando unang'aa vizuri kabisa, ila kontroli ndo inaninyima usingizi. Nikiweka N-asetilglukosamini (sukari inayotakiwa kuizuia WGA isishike seli) milimola 200 mwanga unashuka kidogo tu. Sukari naweka kwenye seli, lektini inafuata palepale. Ina maana inashika ovyo?

Jibu 1
Mkuu, usiitupe hiyo data. WGA inashika pia asidi ya sialiki (sukari nyingine), na hiyo imejaa kwenye utando wa seli za mamalia. Halafu molekuli moja ina sehemu kadhaa za kushikia, inang'ang'ania kwa zote pamoja, kwa hiyo sukari moja moja inazidiwa hata ukiijaza. Tafuta kitotriosi (hiyo sukari yako ikiwa tatu kwenye mnyororo mmoja) au kitini (mnyororo wake mrefu) iliyovunjwavunjwa, zinaizuia vizuri zaidi. Na usianzie kwenye seli, changanya lektini na sukari kwenye tyubu kwanza, ziache nusu saa mpaka saa, ndo upeleke, na sukari ibaki humo muda wote wa kupaka.

Jibu 2
Lektini unaweka kiasi gani? Punguza kidogo kidogo mpaka ufike kiwango cha chini ambacho mng'ao bado unaonekana, hapo ndo ujaribu kuzuia, ikizidi hakuna sukari itakayotosha. Kingine, hizo seli ni hai! Milimola 200 juu ya bafa yenye osmolariti (wingi wa vitu vilivyoyeyuka) ya karibu 300 lazima zisinyae, unaweza kudhani umezuia kumbe umbo tu ndo limebadilika. Mi huweka kontroli ya pili yenye sukari isiyohusika kwa kiwango kilekile, kwa WGA galaktosi inafaa. Mwanga ukishuka na hapo basi sio kuzuia huko.

Muulizaji
Asanteni sana, hiyo ya galaktosi sikuwa nayo kabisa. Na ConA (lektini nyingine, inayoshika manosi) je, utaratibu ndo huohuo?

Jibu 1
Kuchanganya kwanza ni vilevile, ila sukari yake ni methili-alfa-manosidi, ina nguvu kuliko manosi ya kawaida. Angalia na bafa, ConA inahitaji kalsiamu na manganizi, ukiweka EDTA (kemikali inayonyakua madini hayo) mwanga unaweza kushuka bila sukari yoyote, na fosfeti inaweza kugandisha kalsiamu, bafa ya HEPES ni salama zaidi. Ila PHA-L (lektini ya maharage) usihangaike nayo kwa njia hii, haina sukari rahisi ya kuizuia.

Jibu 2
Na seli zilizokufa zitoe kwenye hesabu kwa rangi ya kutambua wafu, lektini inaingia mpaka ndani zinawaka kuliko zote.