Mrejesho: hangari ya chuma mbele ya atelye, Goma

Bakubwa, ni mimi ule aliuliza humu kama tibe (bomba ya chuma ya pembe ine) ya milimita 40 inaweza beba hangari, ni kusema paa juu ya nguzo, ya mita 6 kwa 5 kwa atelye (karakana) yangu ya nyumbani hapa Himbi, mutaa wa Goma. Mulinikataza na mulisema kweli, nikachukua tibe ya milimita 80 kwa 80, unene milimita 3, nguzo 6. Kuchimba ndiyo kulinimaliza, hapa kwetu ukishuka kidogo tu unakuta jiwe la volkano, vijana walipiga tindo siku mbili, mwisho tukatoboa jiwe lenyewe tukaingiza vyuma kisha beto (zege). Kosa langu: niliacha fundi wa kusude (kuchomelea chuma) apige manjanja (mabati) mbele ya kuweka vyuma vya kukingama, vile vinazuia fremu isiyumbe, usiku upepo wa ziwa ukakuja, asubuhi fremu yote imeegemea kwa jirani kama mlevi, mama watoto akacheka weee! Tukafungua, tukanyoosha upya. Rangi ya kutu tumepiga mara mbili kila penye sude, si munajua vile moshi wa volkano Nyiragongo ukichanganya na mvua unakula manjanja. Palan (mashine ya mnyororo ya kunyanyua injini) sikuitundika kwa hangari, iko na miguu yake. Aksanti mzee ule alinishauri gutiere (mufereji wa maji ya paa), pipa limejaa maji ya mvua.