Ukoo Wetu: bustani ya Kibaha

Dada Mkubwa: Shikamoo Mama. Shikamooni wakubwa wote. Tazameni nyuma ya nyumba kulivyo sasa.

Dada Mkubwa: (picha 3)

Mama: Marahaba mwanangu. Hayo matembele?

Dada Mkubwa: Matembele na mchicha. Bamia ndiyo kwanza zinachungulia.

Kitindamimba: Wewe tena?? Kule ghorofani Upanga ulikuwa na shubiri moja kwenye kopo la rangi, na ikafa 😂

Dada Mkubwa: Itaishije, baraza lenyewe linatazama ukuta wa jirani! Hapa nina jua mpaka la kugawa.

Kitindamimba: Na nani alikuwa anajificha chooni ikifika zamu yake ya kumwagilia?

Dada Mkubwa: Enzi hizo nilikuwa natumwa, mdogo wangu. Juzi jirani kanipa marando ya matembele, nikayakata, nikayachomeka, fundo mbili chini ya udongo, kama Mama alivyokuwa akitusimamia. Wala sikuuliza mtu. Nikajikuta naimba.

Shemeji: Nathibitisha. Saa kumi na mbili asubuhi mtu yuko nje na kanga yake. Chai najipikia.

Mama: Pole baba. Atazoea, au utazoea wewe.

Mjomba: Hongera mpwa wangu. Mchanga wa huko umeuwezaje? Mimi ulinishinda.

Dada Mkubwa: Mama alinikataza kuinua matuta.

Mama: Lushoto mvua nyingi na kuna mteremko, tunainua ili maji yatoke. Pwani maji hayakai, kwa hiyo chimba lishuke kidogo, changanya samadi, halafu tandaza majani makavu juu.

Shangazi: (ujumbe wa sauti, 2:14)

Dada Mkubwa: Shangazi, nipo kwenye daladala, andika tafadhali 🙏

Shangazi: Nimesema uniwekee kabichi na karoti

Mama: Wifi, kabichi inataka baridi. Kibaha atapata majani tu, na viwavi.

Shangazi: Basi bamia

Mjomba: Samadi unatoa wapi?

Dada Mkubwa: Kuna mtu hapa mtaani anafuga kuku wa nyama. Nimechukua viroba viwili.

Mama: Usiiweke mbichi! Itaunguza mizizi yote. Irundike, ilowanishe, geuza geuza mpaka ukiishika haina joto na haina ile harufu kali.

Dada Mkubwa: Sawa Mama. Halafu kuna vidudu vyeusi vimeganda chini ya majani ya bamia.

Mama: Ponda majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo. Nyunyiza jioni, siyo juani.

Mjomba: Panda na papai. Usipande mche mmoja mmoja, weka mitatu kila shimo. Yakitoa maua ndipo utajua dume lipi, ung'oe.

Mama: Asing'oe madume yote. Abakize moja, majike yatazaaje?

Mjomba: Dada, langu lilizaa bila dume.

Mama: La jirani yako hukuliona?

Shemeji: 😂😂😂

Kitindamimba: Mimi nauliza mchicha unaiva lini.

Dada Mkubwa: Wiki tatu, nne hivi tangu kusia. Jumapili ijayo tunachuma.

Kitindamimba: Nakuja na nazi.

Mama: Njoo na nguo za kazi pia. Ile pembe ya kushoto kwenye picha ya pili mbona bado ni kichaka?