Hedifoni mpya zinanibana kichwa na trebo (sauti kali za juu) inachoma, nivumilie au nirudishe?

kijana_wa_ilala
Wakuu habarini, naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga. Miaka mitatu nimetumia zile za Bluetooth za kufunika masikio, besi nzito, nikajiona nimefika. Wiki hii nikajilipua nikanunua za waya, za studio, wazi nyuma, omu 250 (ukinzani wa umeme, ukiwa mkubwa zinataka nguvu zaidi), pedi za velveti na waya wa kujikunja kama wa simu ya mezani. Kampuni siitaji maana humu mtaanza vita. Leo siku ya nne masikio yanachomwa. Kila mwimbaji akitamka "s" ni kama mtu anachana karatasi, matoazi ya dansi yanakwaruza, besi naisikia kwa mbali kama muziki wa harusi mtaa wa pili, na juu ya hapo zinabana taya, nusu saa tu kichwa kinauma (navaa miwani). Kuna mtu kaniambia eti niziache zipige saa 100 peke yake zitalainika. Ni kweli au ndo nishapigwa? Muuzaji kanipa siku 7 za kurudisha.

mzee_wa_rimu
Mkuu una matatizo mawili umeyafunga kwenye furushi moja, yafungue kwanza.

La kubana ni chuma tu. Panga vitabu au boksi la viatu lenye upana uliozidi kichwa chako kidogo, livalishe hizo hedifoni usiku kucha, asubuhi jaribu, bado zinabana rudia tena. Usizikunje kwa mikono kwa hasira, na usipitilize, zikilegea pedi hazikai sawa na hiyo besi unayoililia ndo inakimbia moja kwa moja. Ila sasa kama bado unawaza kurudisha usizipanue, amua kwanza.

Saa 100 achana nazo. Spika yenyewe ikibadilika ni kidogo mno. Kinachobadilika ni pedi, zinalala taratibu kufuata fuvu lako na sikio linaisogelea spika, halafu na wewe mwenyewe unabadilika. Umetoka kwenye chai ya sukari vijiko vinne, leo umepewa ya kijiko kimoja, lazima useme haina ladha. Zifungie kabatini zile za zamani wiki mbili hivi, usizichanganye, maana kila ukizirudia ulimi unaonja sukari upya.

ushungi_na_vinyl
Kaka besi yako imepotelea kwenye miwani hapo. Mkono wa fremu unainua pedi, upenyo mdogo tu unatosha besi ya chini kabisa kuvuja. Jaribu hivi: weka wimbo unaoujua, vua miwani, kandamiza pedi kidogo kwa viganja. Besi ikirudi ujue tatizo sio mashine. Mimi ilinitesa mwaka mzima kwa ajili ya ushungi, kila nikivaa juu ya kitambaa naona mbona qanun inalia vizuri lakini besi la taarab limekonda, kumbe ni mtandio ulikaa katikati. Sasa nyumbani navaa hedifoni kwanza, mtandio unakuja juu. Na wenye misuko mikubwa ni hivohivo, utepe wa juu hautulii.

Wewe tafuta fremu yenye mikono myembamba, au pandisha miwani kidogo juu ya pedi, unaonekana kituko lakini uko chumbani kwako nani anakuona.

bwana_omu
Hakuna aliyemuuliza anachomeka wapi?? Omu 250 kwenye simu na kiadapta cha Type-C zinalia ndio, ila unaishia kupandisha sauti hadi mwisho. Halafu za wazi nyuma hazizuii kelele, feni inaingia, jirani na jenereta lake anaingia, unaongeza tena, na trebo kali ukiiongeza ndo hiyo inakuchoma. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, zaidi ya hapo unapunguza muda. Zima feni usikilize usiku.

Na ikwalaiza (kushusha au kupandisha sehemu moja ya sauti, kama besi au trebo) sio dhambi. Za aina hiyo mara nyingi zina kilima maeneo ya hezi 8000, kishushe desibeli 3 au 4 tu. Kwenye Android kuna programu ya Wavelet, kwenye Windows weka programu za Equalizer APO na Peace. Ukitaka kuongeza besi shusha sauti ya jumla kwanza kwa kiasi hichohicho, la sivyo itapasuka. Kama bado hapana, rudisha utafute Sennheiser HD 600, zipo tangu 1997 na pedi zake bado zinauzwa, ila nazo ni omu 300 kwa hiyo la simu linabaki palepale.

mzee_wa_rimu
@bwana_omu ikwalaiza siku ya nne ni mapema, aache masikio yazoee kwanza

bwana_omu
Mzee masikio yakizoea kuchomwa hayo si mazoea tena hahaha

kijana_wa_ilala
Mrejesho wakuu, imepita wiki tatu. Sikurudisha. Jaribio la dada lilinimaliza, nilivua miwani na besi ikatokea kama ilikuwa imejificha nyuma ya mlango. Nimebadili fremu. Boksi la viatu usiku mbili, sasa nakaa saa mbili bila kichwa kuuma. Trebo nilivumilia siku kumi kama mzee alivyosema, nyingine imezoeleka, ila sauti za wanawake bado zinanichoma nikashusha hezi 8000 kwa desibeli 3, mzee unisamehe. Gitaa la rizimu nalisikia hadi kidole kinavyoteleza kwenye waya.

Tatizo limebaki rekodi za zamani za Radio Tanzania, ule mvumo wa tepu unakuja mbele kuliko mwimbaji. Hizo nazisikiliza kwa zile za Bluetooth, na sioni aibu.

ushungi_na_vinyl
Fremu umepata wapi, Kariakoo?

kijana_wa_ilala
Ndio, barabarani tu, lenzi nikahamishia kwa fundi.