Nyumba ya Levittown 🏠 (kikundi cha familia)

*Jumatano*

19:02 Da Mwanaisha: Assalaam aleykum wote. Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane nyumbani, nyundo na tindo mkononi. Geji ya shinikizo ya boila, ile inayopasha maji ya mabomba ya sakafuni, jana usiku ilisoma psi 12, asubuhi 7. Maji yanapotelea chini ya sebule. Kila mmoja ajibu: unakuja au huji.

19:03 Da Mwanaisha: Halima, ile kamera ya joto bado unayo?

19:26 Omari: Waaleykum salaam. Usiseme sakafu kabla ya kupima. Jaza mpaka 12, funga vali inayojaza maji yenyewe, halafu vali mbili za sakafuni, ya maji yanayokwenda na ya yanayorudi. Acha hivyo usiku kucha. Ikibaki 12, boila ni nzima na tundu liko kwenye zege. Ikishuka, tazama boila na tangi la upanuzi (linalopokea maji yanapotanuka kwa joto) kwanza.

19:31 Da Mwanaisha: Nafunga sasa hivi. Wengine mbona kimya? Mmesoma kumi na mmoja.

*Alhamisi*

06:10 Da Mwanaisha: Imebaki 12. Basi ni zege.

06:48 Juma: Ni nani huyo alizika mabomba ndani ya sakafu?

07:15 Omari: Levitt and Sons, kampuni ya ujenzi. Mtaa wote huu wa Levittown, New York, una nyumba 17,447, zote 1947 hadi 1951. Zege walilimwaga juu ya udongo, hakuna chumba cha chini, maana kuchimba ndiko kunakokula siku. Kazi ikakatwa hatua 27. Nyumba haitembei, watu ndio wanaotembea: kikosi kimoja zege tu, kingine madirisha tu, wanahamia kiwanja kinachofuata. Kuna wakati walimaliza zaidi ya nyumba 30 kwa siku. Koili ya shaba, bomba la maji ya moto lililozungushwa, ililazwa kabla ya zege ili sakafu nzima iwe hita, hakuna hita ukutani inayokula nafasi. Kwenye nyumba ya futi 32 kwa 25 hilo si jambo dogo.

07:17 Omari: Kasoro yake ni kwamba zege linatanuka na kusinyaa kwa kadiri yake, shaba kwa kadiri yake. Miaka sabini wanasuguana. Tena ukiacha vali ijaze maji mapya kila siku, unaingiza oksijeni, na oksijeni inakula chuma cha boila.

07:40 Juma: Na wenye nyumba wa kwanza walipewa na TV eti 😂

07:44 Shangazi Zuhura: Si utani. Toleo la 1950 lilikuja na Admiral ya inchi 12 na nusu, imepachikwa ukuta wa ngazi. Ndilo lile tundu mlilolipiga mbao. Na mashine ya kufulia Bendix pia.

07:46 Juma: Kumbe! Mimi nikaweka viatu.

07:51 Mwajuma: Na kamba ya nguo walikatazwa 😂😂

07:53 Shangazi Zuhura: Kamba ndiyo. Nguo zilianikwa kwenye mwamvuli wa kukunjwa, tena si wikendi. Ua marufuku. Nyasi zikatwe kila wiki.

07:54 Juma: Bibi yetu angefukuzwa siku ya kwanza.

07:55 Mwajuma: Na kanga zake saba 😂

08:02 Da Mwanaisha: JAMANI. Maji yanavuja. Jumamosi.

12:30 Juma: Mimi naona tuiache hiyo koili, tuweke hita za ukutani, yaishe.

12:58 Omari: Inawezekana, ila si kubadilisha tu. Sakafu inataka maji ya nyuzi 120 hivi za Fahrenheit. Hita za ukutani zinataka karibu 180. Ukipeleka 180 kwenye zege litapasuka na miguu itaungua. Kwa hiyo lazima sakafu ikatwe kabisa na bomba jipya la plastiki (PEX) lipite juu ya dari. Kuziba tundu moja ni siku moja. Hita ni wiki, na ukuta wa dirisha kubwa la nyuma hauna pa kuziweka.

13:05 Shangazi Zuhura: Dirisha hilo ndilo lililogeuza maisha ya watu. Jiko likaletwa mbele, upande wa barabara, sebule ikapelekwa nyuma iangalie bustani. Familia ikaipa barabara kisogo. Na bei, $7,990, ilishikwa pale kwa makusudi: sheria ya Juni 1944 ilifanya serikali imdhamini askari aliyetoka vitani kwa benki, akanunua bila kutanguliza pesa. Mjenzi anapobanwa na bei, anabana zege.

13:09 Juma: Sawa, lakini pesa ya safari hii inatoka wapi? Mwaka ule wa tangi mlisema hivi hivi. Mia nne zangu zilikwenda.

13:10 Da Mwanaisha: Juma, tusianze.

13:10 Juma: Sijaanza mimi.

13:14 Mwajuma: *Ujumbe huu umefutwa*

*Ijumaa*

05:32 Babu Athumani: Assalaam aleykum. Nimesoma yote. Vigae vya sebule ni vya inchi 9 kwa 9, vyeusi, vya mwanzo. Vya enzi hizo mara nyingi vina asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake linadhuru mapafu, na gundi yake pia. Nyundo haitagusa sakafu mpaka kipande kipimwe maabara.

05:39 Babu Athumani: Jambo la pili. Mikataba ya kwanza ya mtaa huu, kifungu cha 25, ilisema asiyekuwa mzungu asikae humo ila akiwa mtumishi. Mahakama Kuu ya Marekani ilivikatalia nguvu vifungu vya namna hiyo 1948, lakini mlango haukufunguliwa siku ile. Nyumba yetu ni ya 1950. Mnaitengeneza kwa subira au mnaiacha kama ilivyo. Ya tangi nitayasikiliza mwenyewe, si humu.

06:01 Da Mwanaisha: Shikamoo Babu. Tumesikia.

06:03 Omari: Shikamoo Babu. Ni kweli.

06:20 Juma: Shikamoo Babu.

06:41 Omari: Basi utaratibu: kigae kinalowanishwa maji na tone la sabuni, kinachukuliwa kipande kidogo, kinatiwa mifuko miwili. Kusugua na kufagia kukavu hapana. Majibu yakija, kamera kwanza: sakafu ianze baridi kabisa, washa boila, mistari ya koili itajitokeza. Pale joto linapotanda kama wino kwenye karatasi ndipo penye tundu. Paka anapolala pale karibu na ngazi pananipa shaka.

06:44 Omari: Tindo la mkono, si mashine, futi moja kila upande. Kata, sugua shaba ing'ae, kiungio, lehemu ya fedha. Jaza maji, acha kwa shinikizo saa kadhaa KABLA ya zege. Bomba livishwe mfuko lisisuguane tena.

09:10 Da Mwanaisha: Jumamosi inabaki. Kukusanyika na kuchukua kipande tu, hakuna kuvunja. Nani anakuja?

09:12 *Wamesoma 13*

15:37 Da Mwanaisha: Nani anakuja???

22:18 Halima: Samahani, nilikuwa zamu. Kamera ninayo. Ila nikipata nafasi ni Jumapili.

22:20 Juma: Na gharama ya maabara ni nani?

22:31 Mwajuma: Paka ni wa nani kwani?