Tupeane uzoefu: ulemavu, kazi na bima ya afya ya serikali, SHA, huku kwetu Lamu na Malindi

Mvuvi Mstaafu: Leo Mokowe nimeona kijana akibebwa mgongoni kushushwa botini, mkononi ana bahasha ya hospitali. Nikakumbuka mengi. Nyie wenye ulemavu mnaofanya kazi, na mnaowalea, bima inawafaa au inawatoa jasho?

Mshona Kofia Langoni: Mguu wangu ulilemaa kwa polio, nashona kofia za vito. Sina mwajiri, kwa hivyo SHA nalipa mwenyewe, tena ya mwaka mzima. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mkupuo. Kofia zatoka Ramadhani na Idi. Bima ikiisha wakati wa kusi, wageni hakuna, nalipa na nini? Walioajiriwa wanakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hata hawahisi.

Wa Mapokezi: Hatuhisi? Ngoja. Nilivunjika uti wa mgongo kwa ajali ya boda, natumia kiti cha magurudumu na mpira wa mkojo. Nilipata kazi hoteli moja hapa Malindi, na karatasi ya mshahara kila mwezi inaonyesha nimekatwa. Siku hiyo homa ilinishika kazini, mkojo umegeuka damu. Nikapakiwa tuktuk, kiti kimefungwa kamba nyuma. Kaunta ya hospitali, dada anabonyeza, ananitazama, anabonyeza tena. "Kaka, michango yako haionekani." Pesa imekatwa, haikupelekwa! Nimekaa pale natetemeka, mpira unavuja mpaka sakafuni, walio nyuma wananiambia nisogee kando. Dada yangu akaweka simu yake rehani ndipo nikaingizwa. Niliporudi kumuuliza bosi, akaniambia nishukuru hata kuajiriwa.

Bi Shela: Hilo la kuambiwa ushukuru lishanikuta.

Tuktuk 7: Bonyeza *147# mara kwa mara uone kama bima iko hai. Na huyo bosi mpeleke kwa afisa wa kazi.

Bi Shela: Akimpeleka, kesho atakula wapi? Atafute kazi nyingine kwanza, ndipo amshtaki.

Msomi wa Barani: Jisajili na Baraza la Watu Wenye Ulemavu. Ukipata na cheti cha KRA, wale watoza kodi, mshahara hadi 150,000 kwa mwezi hautozwi kodi.

Mshona Kofia Langoni: Hoteli gani inalipa 150,000 nije na magongo yangu?

Mama Twalib: Mwanangu ni wa kulishwa na kuogeshwa, tunapata zile 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali. Nimeitiwa kazi ya kusafisha nyumba za wageni, naogopa tukionekana tuna kipato watatutoa.

Tuktuk 7: 2,000 ndiyo ya kukufanya ukatae kazi?

Mama Twalib: Njoo umbebe wewe siku moja, halafu unihesabie hizo 2,000.

Msomi wa Barani: Mama ana haki. Binamu yangu haoni, yuko Minnesota, Marekani, na anafanya kazi. Kule watu waliogopa vivyo hivyo, kwamba ukipata mshahara Medicaid, bima ya serikali yao, inakutoka. Sheria za 1997 na 1999 zikaruhusu majimbo yamwache mwenye ulemavu afanye kazi, achangie ada, bima ibaki.

Tuktuk 7: Minnesota na Malindi wapi na wapi?

Msomi wa Barani: Hofu ni ileile, yakhe. Soma kabla ya kujibu.

Nahodha Bila Chombo: Acheni ugomvi. Mimi kiti changu kilizama gatini Lamu nikienda kliniki. Maji yamejaa, boti ikayumba, wapagazi wakanidaka mimi, kiti kikateleza chubwi! Watoto wakashindana kupiga mbizi, nami nimekaa juu ya gunia la vitunguu natoa amri.

Bi Shela: Hahaha! Kilipatikana?

Tuktuk 7: Na kliniki ulikwenda?

Mvuvi Mstaafu: Jamani, mada ni bima.

Bi Shela: Bima tutairudia, kiti kwanza.

Nahodha Bila Chombo: Kilipatikana maji yalipokupwa. Kliniki sikwenda, ningekwendaje? Beringi za gurudumu la kulia zimeliwa na chumvi. Malindi zauzwa wapi?

Tuktuk 7: Beba ile ya zamani, ije ipimwe. Usikubali ya baiskeli.