Naomba ushauri: Steam Deck OLED iliyotumika, ninunue au nisubiri?

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, Area D. Jirani ananiuzia Steam Deck OLED, ile kompyuta ya gemu ya kushika mkononi. Juzi umeme ulipokatika niliijaribu na gemu la mpira, saa mbili nzima haikukwama. Kioo safi, ila analogi (kijiti cha kuongozea) ya kushoto inajivuta yenyewe, mchezaji anatembea hujagusa kitu.

Roho inasita kwa sababu chipu yake inakaribiana sana na ya toleo la 2022, RAM 16GB. Mpinzani wake, ROG Xbox Ally X iliyotoka Oktoba 2025, ina 24GB, na betri ya Wh 80 dhidi ya Wh 50. Lakini bei yake siiwezi kabisa.

Wenye nayo, gemu mpya bado inazimudu? Na hiyo analogi, kuna fundi hapa Dodoma au mpaka Kariakoo?